TAHARIRI: MANIFESTO NA KARATASI YA MSHAHARA



Katika shedi na katika vibanda vya chai twasikia mara nyingi mwenzetu akisema, "Manifesto ni karatasi ya kufungia mandazi. Mwanasiasa ni mwanasiasa tu." Gazeti hili halikubaliani na maneno hayo. Wala halikubaliani na wale wengine ambao, wakisikia chama fulani kimeahidi nyumba au maziwa ya watoto, huanza kucheza ngoma kana kwamba maziwa yamekwisha fika mlangoni.

Sisi twaona hivi. Ahadi za vyama huingia kweli katika maisha ya mpiga kura, wakati mwingine kwa heri, wakati mwingine kwa hasara. Na kwa mtu wa mshahara mahali pa kwanza zinapoonekana ni katika ile karatasi anayopewa mwisho wa mwezi. Basi yatupasa kusoma manifesto kama tunavyosoma karatasi ya mshahara. Hakuna mfanyakazi mwenye akili atazamaye mstari wa juu tu, penye mshahara mzima, akaondoka akifurahi. Hushuka mpaka kwenye makato. Lakini kwenye manifesto twasoma mstari wa juu tu, kisha twashangaa miaka miwili baadaye.

Kabla ya kwenda mbali, ieleweke kwamba gazeti hili si la chama chochote cha siasa. Katika Chama chetu wamo watu wa kila upande, na ada yao ni moja.

Mitaa yetu ya Eastlands haikuanza jana kupiga kura. Mwezi wa Februari 1961, katika jimbo la Nairobi East, Bwana Tom Mboya, mtu wa vyama vya wafanyakazi, alipata kura 31,407, na Dr. Munyua Waiyaki akapata 2,668. Watu walimpigia Mboya kwa kuwa walimjua. Walikuwa wamemwona akigombana na waajiri juu ya mishahara yao. Ule ulikuwa uchaguzi wa kumchagua mtu.

Uchaguzi wa Mei 1963 ulikuwa na jambo zaidi, kwa sababu vyama viwili vilileta njia mbili mbalimbali. KADU walitaka majimbo yenye nguvu zake. KANU walitaka serikali moja ya katikati, na katika manifesto yao waliahidi watoto wote elimu ya bure ya miaka saba. Kwa mtu wa reli neno la majimbo halikuwa dogo. Yeye amezaliwa Nyanza au Ukambani, kazi imempeleka Nakuru, kesho atahamishiwa Mombasa. Je, angekuwa mtu wa jimbo gani? Nani angemsomeshea watoto, na nani angempa nyumba? Hilo ni jambo la manifesto, tena ni jambo la tumbo na la kitanda. KANU walishinda, na hata kabla ya mwaka 1964 kwisha KADU walikuwa wamekivunja chama chao na mambo ya majimbo yakaondoka pamoja nacho.

Lakini ile elimu ya bure haikuja upesi. Ilingoja mpaka tangazo la Mzee Kenyatta la tarehe 12 Desemba 1973, na hata hapo ilikuwa kwa madarasa manne ya kwanza tu, kuanzia 1974. Mtoto aliyezaliwa wiki ya kura ile ya 1963 alikuwa amekwisha timiza miaka kumi. Tena ada ilipoondoka kwa mlango wa mbele, shule nyingi ziliingiza michango ya majengo kwa mlango wa nyuma. Mzazi alifurahi Januari, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa akitafuta pesa tena.

Ahadi nyingine kubwa ya siku zile ilikuwa kazi. Februari 1964 yakafanywa mapatano kati ya Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi. Serikali iongeze watu kazini 15 kwa mia, makampuni yaongeze 10 kwa mia, na sisi upande wetu tusigome wala tusidai nyongeza ya mshahara kwa muda wa mwaka mmoja. Hatusemi mapatano yale yalikuwa mabaya, maana watu wengi mjini hawakuwa na kazi. Twataka mwone tu nani alilipa. Mwenye kazi ndiye aliyefunga mkanda ili ahadi ya wanasiasa ipate kusimama. Mwaka uliofuata, 1965, vyama vyetu vikaunganishwa chini ya COTU, na sheria ya migogoro ya kazi ikaimarishwa, na kugoma kukawa kugumu kwa miaka mingi. Katika kampeni za 1963 ni nani aliyesikia hayo?

Basi mtu atasema, "Kumbe ni kweli, manifesto ni uongo." La. Tazameni majirani zetu wa Uganda. Mwaka 1996 Bwana Museveni, akitafuta kura, aliahidi kwamba watoto wanne wa kila nyumba watasoma shule ya msingi bila ada. Mwaka 1997 ikaanza, na watoto shuleni wakatoka kama milioni 3 wakafika zaidi ya milioni 5. Na hapa kwetu, uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2002, NARC waliahidi vivyo hivyo. Bwana Kibaki aliapishwa tarehe 30 Desemba, na shule zilipofunguliwa Januari 2003 ada haikuwako. Watoto wa shule za msingi walikuwa kama milioni 5.9 mwaka 2002, nao wakawa kama milioni 7.2. Serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Sisi wa miaka thelathini na kitu tulikuwa madarasani mwaka ule, na twakumbuka tulivyobanana kwenye dawati kama abiria wa treni ya Krismasi. Walimu walichoka. Wazazi wengine wa Eastlands, wenye uwezo kidogo, waliwahamisha watoto kwenda shule ndogo za kulipia. Hata hivyo, kuna watu leo wanaosoma gazeti hili, tena wengine ni mafundi, ambao bila Januari ile wangekuwa hawajui kusoma.

Sasa fikirini: NARC hao hao waliahidi pia kazi 500,000 kila mwaka, na katiba mpya katika siku mia moja. Katiba ilikuja tarehe 27 Agosti 2010. Na zile kazi, nani aliwahi kuzihesabu? Kwa nini ahadi moja ilitimia katika wiki moja na nyingine zikayeyuka?

Kwa maoni yetu sababu kubwa ni hii. Ahadi ya shule kila mzazi aliweza kuipima mwenyewe. Alimshika mtoto mkono, akaenda naye mpaka mlangoni pa shule, akaona kama anadaiwa pesa au hadaiwi. Kama angedaiwa, siku hiyo hiyo angepiga kelele, na mama wa nyumba ya pili angepiga kelele naye, na mbunge angesikia. Lakini kazi 500,000 hakuna mlango wa kuzipimia. Mtu akikosa kazi Makadara, ataambiwa kwamba zimepatikana mahali pengine. Ahadi isiyo na mlango wa kupimiwa haimuumizi aliyeitoa.

Tuje kwa mambo ya karibu. Katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 pande mbili kubwa zilikuja na mizigo mbalimbali. Azimio walisema nyumba maskini zitapewa shilingi 6,000 kila mwezi. Kenya Kwanza walisema habari ya mikopo ya wafanyabiashara wadogo, mbolea ya bei nafuu, na nyumba mpya 250,000 kila mwaka. Walioshinda ni hao wa pili, kwa hiyo karatasi yao ndiyo tunayoweza kuipima. Ile nyingine haikupata kupimwa, na si haki kuisifu wala kuicheka.

Mbolea ilishuka, na lazima tuseme hivyo. Mfuko wa kilo 50 uliokuwa umepita shilingi 6,000 ulishushwa mpaka 3,500 Septemba 2022, kisha 2,500 mwaka 2023. Wanachama wenye shamba nyumbani wanajua, ingawa mwaka 2024 ilionekana mbolea ya uongo katika magunia, na walioipanda walipata hasara. Mikopo nayo ilianza Novemba 2022, kwa kuanzia na shilingi 500. Mama mboga hajengi duka kwa shilingi 500, lakini mlango wa kupima ulikuwako: simu yake mwenyewe.

Nyumba ndiyo habari ndefu. Manifesto ilitaja mfuko wa taifa wa nyumba. Haikutaja kwamba mfanyakazi atakatwa mshahara. Mswada wa fedha wa 2023 ulipoletwa, makato yalitajwa kuwa 3 kwa mia, pamoja na maneno kwamba asiyepata nyumba aweza kurudishiwa pesa zake baada ya miaka saba. Ulipotoka Bungeni ulikuwa 1.5 kwa mia kwa mfanyakazi, na mwajiri vivyo hivyo, na maneno ya kurudishiwa yakawa hayapo tena. Makato yakaanza Julai 2023. Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema si halali, na moja ya sababu zake ni kwamba wenye mshahara wamechaguliwa peke yao walipe. Januari 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa kuyaruhusu yaendelee. Machi 2024 ikatiwa sahihi sheria mpya, ikaingiza na watu wasio na mshahara, na makato yakarudi. Wazee watakumbuka kwamba makato kama hayo yalijaribiwa mwaka 2018 na serikali iliyotangulia, na COTU ikaenda mahakamani yakasimama. Yaani mpango ulikwisha onekana. Mtu aliyesoma manifesto ya 2022 kwa makini, akaona neno "mfuko," angeweza kuuliza jukwaani, "Mfuko huu utajazwa na nani?" Hatukumbuki kusikia swali hilo likiulizwa Eastlands, wala na sisi watu wa vyama.

Tufanye hesabu. Chukueni mwenzetu wa mshahara wa shilingi 30,000 kabla ya makato. Mwaka 2022 alikatwa shilingi 200 za NSSF na shilingi 900 za NHIF, jumla 1,100. Mwaka 2025 alikatwa 450 za nyumba, 825 za bima mpya ya afya na 1,800 za NSSF, jumla 3,075. Tofauti ni shilingi 1,975 kila mwezi, na kwa mwaka ni 23,700.

Lakini tuwe waaminifu katika hesabu, maana mwongo wa hesabu hashindi kesi. Bima ya afya kwa mtu huyu ilipungua shilingi 75. Aliyeumia ni mwenye mshahara mkubwa zaidi, maana NHIF ilikuwa na mwisho wa shilingi 1,700 na hii mpya ya 2.75 kwa mia haina mwisho. NSSF ni akiba yake mwenyewe ya uzeeni, na sheria yake ni ya 2013, ilikawizwa mahakamani mpaka Februari 2023. Kwa hiyo si haki kuwatwika serikali moja mzigo wote. Tena tangu mwisho wa 2024 makato haya huondolewa kabla ya kukokotoa kodi ya mapato, na kodi yake ikashuka kidogo. Yote hayo ni kweli. Na bado mwenye nyumba ya kupanga hataki kusikia habari ya akiba ya uzeeni; yeye ataka kodi yake tarehe tano.

Sasa linganisheni na kile kinachotembezwa usiku wa kuamkia kura. Katika mitaa yetu noti ya shilingi 200 ni jambo la kawaida, pamoja na pakiti ya unga, au fulana. Ni hatia kwa sheria, na kila mtu anajua. Makato ya nyumba peke yake kwa mtu wetu wa 30,000, kwa miezi sitini ya Bunge moja, ni shilingi 27,000. Aliyepokea 200 amepewa chini ya shilingi nne kwa mwezi.

Hata Serikali zenyewe zimejua njia hii ya unga. Mei 2017, miezi mitatu kabla ya kura, pakiti ya kilo mbili iliwekwa kuwa shilingi 90. Julai 2022, wiki tatu kabla ya kura, ikashushwa kutoka 205 mpaka 100. Baada ya kura ya 2022 ile shilingi mia ilitoweka rafuni. Unga huo ulikuwa mzuri na watoto walikula. Lakini ulilipiwa na hazina, na hazina hulipiwa na sisi.

Kuna neno lingine juu ya nyumba ambalo ni letu hasa, watu wa reli. Landhi za Muthurwa na nyumba za Makongeni zilijengwa ili mfanyakazi wa reli akae karibu na kazi. Baadaye nyumba kama hizo ziliwekwa katika mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, ili mapato yake yawalipe wazee. Mwaka 2010 wapangaji wa Muthurwa walipewa notisi wahame. Wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2013 hakimu akaamua kwamba haki zao zilivunjwa, akishika ile Ibara ya 43 ya Katiba isemayo kila mtu ana haki ya makao, maji, chakula na matibabu. Makongeni nayo imo katika mipango ya nyumba mpya, kama ilivyo Shauri Moyo.

Oneni jinsi jambo lilivyo gumu. Nyumba hiyo moja ni pensheni ya mzee aliyestaafu, tena ni kitanda cha anayekaa ndani yake, ambaye huenda ni mtoto wa mtu wa reli au ni mtu wa reli mwenyewe. Juu ya ardhi hiyo hiyo chama cha siasa chasema, "Tutajenga magorofa." Ikiwa bei ya ardhi ni ndogo, mzee ameumia. Ikiwa mpangaji anahamishwa bila mahali pa kwenda, huyo ameumia. Ikiwa nyumba mpya itampata mtu wa kutoka mbali mwenye pesa, wote wawili wameumia, na juu yake wamekatwa 1.5 kwa mia. Yaweza pia kuwa jambo jema sana, maana zile nyumba za zamani zimechoka na choo cha watu wengi si heshima kwa mtu mzima. Lakini wema huo umo katika mistari midogo: nani kwanza, kwa bei gani, kwa muda gani. Sheria ya 2024 imesema nyumba za chini ni za watu wa mapato yasiyofika shilingi 20,000 kwa mwezi. Fundi wa 30,000 amekwisha pita hapo. Yeye yumo katika daraja la kununua. Wangapi katika shedi yetu wanajua hilo?

Na ile Ibara ya 43 imebadili maana ya manifesto, ingawa wanasiasa hawapendi kuisema. Chama kinachosimama Kamukunji na kuahidi maji hakitupi zawadi. Kinaahidi kulipa deni lililoandikwa tangu 2010. Sisi ndio wenye kudai, na mwenye kudai hapigi magoti.

Basi tufanye nini kabla ya Agosti 2027? Hatushauri kwamba Chama kiwaambie wanachama wampigie nani. Hilo lilijaribiwa zamani na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, na mara nyingi aliyefaidika ni kiongozi aliyepata kiti. Twashauri jambo dogo zaidi. Wagombea wa Makadara, Kamukunji, Starehe na Embakasi watakuja kutafuta kura zetu; huja kila mara. Waalikwe katika mkutano wa tawi, mmoja mmoja, wasilete ngoma, na kila mmoja aje na manifesto ya chama chake mkononi. Kwa kila ahadi aulizwe pesa zatoka wapi, na kama zatoka kwa mfanyakazi ataje ngapi kwa mia. Aulizwe tarehe. Aulizwe tutaipimia mlango gani: shuleni, zahanati, dukani, au kwenye karatasi ya mshahara. Akijibu "mambo yote yatakuwa sawa," jibu hilo nalo liandikwe, kwa maneno yake, na jina lake chini.

Majibu yachapishwe katika gazeti hili bila kupunguzwa wala kupambwa. Kisha kila mwaka, mwezi wa Julai, baada ya sheria ya fedha kupita, yachapishwe tena pamoja na makato ya mwaka huo, upande kwa upande. Kazi hii haihitaji msomi wa chuo kikuu. Yahitaji karani mwenye mwandiko mzuri na wanachama wawili au watatu wasioogopa kuonyesha karatasi zao za mshahara, majina yakiwa yamefichwa.

Wenye maswali wayaandike na kumpa mwakilishi wa idara yao. Walio zamu ya usiku wampe mwenzao wa mchana awafikishie, kwa maana mara nyingi maswali mazuri hutoka kwa watu wa usiku na hayafiki mkutanoni. Na mwenye nakala ya manifesto yoyote ya mwaka 2022, ya chama chochote, tafadhali asiitupe. Ailete ofisini kwa Katibu.